Kijiko chenye Uzi Mwekundu

Kyungu aliporudi kutoka kazini alikuta kijiko chake kimefungwa uzi mwekundu, kimetengwa na vijiko vya watu.

Mama yake alikuwa mezani na mwenzake wa kikundi cha maombi, katikati yao kopo la vidonge vya bluu.

"Mutoto wangu, tulisoma ku internet. Ni dawa ya SIDA. Uko mugonjwa tangu lini?"

Kyungu alikuwa buheri wa afya, hata mafua yalimwogopa. Vidonge alipewa kwenye kliniki ya wanaume wanaolala na wanaume, karibu na Porte de Namur, hapo Brussels, avimeze ili UKIMWI usimpate kamwe. Neno moja tu, na uzi ungefunguliwa.

"Lakini banasema bingine ni bya kujikinga," yule mgeni akasema, akimkazia macho. "Bya bale banaume. Donc, tunakuuliza, papa."

Kyungu akakishika kijiko, akauzungusha ule uzi kwa kidole.

"Niko mugonjwa, maman. Tangu mwaka jana."

Mama akashusha pumzi. "Bon. Mungu asifiwe," akasema, akamsukumia sahani kwa ncha ya mwiko.