Jicho la Kushoto

"D, F, N, P, T, H."

Balqees alizitamka herufi hizo mara ya tatu, gari lake limesimama kwenye taa za barabarani za Ruwi, Maskati. Kisha akalifumba jicho la kulia. Papo hapo benki iliyokuwa mbele yake ikapotea. Pakabaki ukungu wa kijani na wekundu wa taa uliomwagika kama rangi kwenye maji.

Alilifumbua haraka.

"Mwanangu, nna khofu na wewe," alisema mama yake, Bi Masouda, aliyeketi kando akipelekwa kwa dada yake. "Jicho umeliumiza kwenye mashine yao wenyewe. Si uwaambie tu?"

"Nikiwaambia, mama, kazi imekwisha."

Balqees alikuwa mwanaanga ambaye hajawahi kuruka. Miaka tisa nyuma kampuni iliwaajiri watu sita na kuwaahidi anga. Lakini roketi za kukodi ziliadimika mwaka hata mwaka. Nafasi nne zikawa mbili, mbili zikawa moja. Wanne walichoka kungoja. Mmoja sasa anauza bima, mwengine anafundisha fizikia skuli. Walibaki yeye na Bader. Na Balqees, kwa umri wa miaka thelathini na tisa, alijua hakuna ofisi Maskati inayomtafuta mtu aliyefunzwa kuishi bila uzito.

Jicho liliharibika miaka miwili iliyopita, ndani ya mashine ya kuwazungusha wanaanga. Alisikia kitu kama uzi ukikatika nyuma ya jicho la kushoto. Alishuka, akacheka na wenzake, akaenda kutapika chooni. Hakumwambia mtu ila mama yake. Kila ulipofika uchunguzi wa afya alisoma herufi kwa kichwa, kutoka picha aliyoiiba kwa simu.

Alimshusha mama yake, akaendesha mpaka mtaa wa Ghala. Kituo cha mafunzo kilikuwa ghala kubwa nyuma ya magereji. Bader alikuwa anatoka chumba cha daktari, kifungo cha shati bado kimefunguka.

"Moyo," alisema. "Wamesikia kitu kwenye moyo."

Balqees alimpa pole, na hapo hapo akajionea haya kwa nafuu iliyompita kifuani. Sasa kabaki peke yake.

Daktari Mahfudha alimkalisha kitini, akampa kadi alifunike jicho la kulia. Dunia ikawa maziwa. Balqees alianza kusoma, herufi kwa herufi, akijilazimisha kusita pale ambapo mtu anayeona angesita.

"Vizuri," alisema daktari kwa Kiarabu. Kisha akachukua fimbo, akaonyesha herufi moja ubaoni. "Na hii?"

Mara zote tatu za nyuma hakuna aliyetumia fimbo. Aliona kivuli chembamba tu juu ya weupe. Alikisia umbali wa ncha yake kutoka juu, akahesabu mistari. Wa tano. Herufi ya tatu.

"N," alisema.

Alisikia kiyoyozi kikidondosha maji.

"Ndiyo," alisema daktari. Akamtuma muuguzi akalete faili, akasubiri mlango ufungwe, ndipo akageukia Kiswahili. "Bibi, mimi si polisi. Kama kuna ukungu, hata kidogo, niambie nikuandikie. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuandika."

Mtego, alijiambia. Kiswahili cha nyumbani, sauti laini: hivi ndivyo watu wanavyokamatwa.

"Hakuna ukungu, daktari."

"Una hakika?"

"Nnaona vizuri."

"Umewahi kuumia kwenye mashine? Mashine ile imewaumiza wengi."

"Sijaumia hata siku moja."

Daktari Mahfudha alimtazama machoni, moja baada ya jengine. Mkono wake ulikawia juu ya karatasi kana kwamba kalamu imekwisha wino. Hatimaye akatia saini, akainuka na kufungua mlango bila kumwangalia tena.

Balqees alikwenda chooni, akajifungia, akanawa uso.

Adhuhuri mkurugenzi, Musallam, aliwaita wote wawili ofisini kwake. Bader aliketi kichwa kakiinamisha. Balqees hakuthubutu kukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Roketi ya mwisho imefutwa," alisema Musallam. "Hapana safari tena. Si mwaka huu, si miaka kumi ijayo. Kituo kinageuzwa skuli ya mafunzo, na wafanyakazi wengi sina mahali pa kuwaweka."

Akafungua mkataba mnene, akaweka kidole kwenye ukurasa wa karibu na mwisho, ambao Balqees hajawahi kuufikia.

"Ila sheria ni sheria. Anayekutwa na kasoro ya mwili akiwa kazini, kampuni lazima impe kazi ya ardhini mpaka astaafu. Bader, utaanza kufundisha Jumapili."

Kisha akaichukua karatasi ya daktari, akamgeukia Balqees kwa tabasamu.

"Na wewe hongera, bibie. Mzima kabisa, huna kasoro hata moja. Alkhamisi uturudishie kitambulisho na funguo."