Maji ya Kumkanda Shemsa

Bei ya mafuta ikipanda ng'ambo, majiko ya Tanga yenyewe huyarudisha mafuta bandarini. Hayaombi ruhusa. Moto hufifia, bomba la ukutani hukoroma, na tone la mwisho la nyumba huenda kungoja meli. Tangu njia ya meli za mafuta ya Ghuba ifungwe, dunia nzima inanunua mafuta huku, na bomba la Bi Kibibi hukoroma kutwa.

Leo ndiyo kwanza alikuwa ameteleka maji ya kumkanda binti yake Shemsa, aliyejifungua juzi. Bomba likakoroma. Bi Kibibi akalipiga teke, akalilaani, kisha akatia mkono sufuriani. Maji yalikuwa baridi kama ya kisimani.

"Mama, tayari?" Shemsa aliita kutoka chumbani.

Mzazi hakandwi maji baridi. Hilo hata mtoto analijua. Bi Kibibi akachovya kitambaa, akaingia akikipuliza kama kinachomuunguza vidole.

"Vumilia, mwanangu. Ni ya moto sana haya."

Kitambaa kilipogusa tumbo, Shemsa alishtuka. Bandarini meli ikapiga honi ya kuondoka. Akamtazama mama yake, akauma meno yasigongane.

"Polepole, mama," akasema. "Yanachoma."