Saini Iliyotoboa Karatasi

Karatasi ya ndoa ilipitishwa chini ya pazia, na Mwanvua akaiona saini ya bwana harusi kabla ya kumwona mwenyewe.

"Bwana amesha kusinye," shangazi yake alinong'ona. "Ni mutu mupole sana. Hata kuongea yake ni polepole."

Kweli, tangu mgeni huyo ashuke kwenye pikipiki kutoka Kabambare, sauti yake ilisikika nje laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

Lakini mkono uliotia saini hii haukubembeleza. Herufi zilisukumana kama watu wanaogombea mlango. Chini yake mstari ulianza taratibu, ukavuka nafasi yake, ukakata katikati ya nafasi aliyoachiwa bibi harusi, kisha ukarudiwa na kurudiwa mpaka biki ikatoboa karatasi.

Akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa umevimba kama kovu. Akapitisha kidole, kikanasa kwenye tundu.

"Mwanvua, unakubali kuolewa na mwanaume huyu?" shahidi aliuliza nyuma ya pazia.

Nani huyu anayekasirika hivi siku ya harusi yake?

"Unakubali?"

Kidole kilikuwa bado tunduni.

Shahidi alingoja kidogo, kisha akacheka. "Binti iko na haya. Akinyamaza, amekubali."

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Ndipo Mwanvua alipopata sauti ya kusema hapana.