Binti wa Kwenye Mfano

Siku hizi kumbukumbu za wazee hukaa ndani ya kifaa nyuma ya sikio, na kila familia hukirekebisha yenyewe kwa kufuata mwongozo wa kampuni. Mwongozo gani huo! Somoe alitaka tu mama yake akumbuke jina la mwanawe wa pekee, yaani Somoe mwenyewe. Ukurasa mmoja ulimtuma kwenye mwingine, na huo ukamrudisha alikotoka. Kwa hasira akanakili mfano uliokuwemo, majina na yote, akauingiza kwenye kifaa cha mama.

Mama akafumbua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tausi wangu yuko wapi?"

Somoe akaurudia mwongozo. Tausi alikuwa binti wa kwenye mfano. Akaifungua haraka sehemu ya kufuta. Iliandikwa: "Maelezo yatakuja baadaye."

Mama akajivuta ukutani, akimwogopa.

"Mmemfanya nini mwanangu?"