Besi wa Ziwa la Tope

"Hili si ziwa," alisema Daktari. "Hili ni karai la nguo chafu."

Dada yake aliendelea kuvuta makasia. Alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa nesi wake katika chumba cha upasuaji, yule anayempa kisu kabla hajakiomba. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili: kutuliza mikono na kufunga mdomo.

"Nani alikudanganya kwamba humu mna samaki wa besi?"

"Mwenye boti. Anasema wapo wenye midomo kama ndoo."

"Mwenye boti anakodisha boti, mdogo wangu. Ungemuuliza kuhusu nyangumi, angekwambia nao wapo."

Daktari alikuwa na dharau ya kuutosha mji mzima na bado ikabaki. Asubuhi hiyo, kabla hata hawajafika ziwani, alikuwa ameshamaliza kumsema fundi umeme aliyejaza taa hafifu hospitalini, na mkurugenzi anayeandika barua kwa herufi za sisimizi ili watu wasijue upumbavu uliomo. Mtu pekee aliyesalimika ni marehemu mama yao, na huyo naye aliambiwa alikuwa akizidisha chumvi.

Alipapasa ndani ya sanduku la vyambo, akatoa kimoja kikubwa cha plastiki nyeusi, chenye gololi tumboni. Akakitikisa sikioni. Kikalia cha-cha-cha.

"Sikiliza ujifunze kitu. Kwenye maji machafu, besi hawindi kwa macho. Anawinda kwa masikio na kwa mtetemo wa maji ubavuni mwake. Kwa hiyo unampa kitu kikubwa, cheusi, chenye kelele. Unakivuta polepole, karibu na visiki na majani, maana hapo ndipo anapojibanza. Wajinga wanarusha katikati ya ziwa, halafu wanakwenda kuwasimulia wake zao kwamba samaki wamehama." Akamnyooshea chambo na mshipi. "Nifungie."

"Wewe mwenyewe huwezi?"

"Mikono inayofunga mishipa ya damu ya watu haifungi plastiki."

Alimfungia. Daktari akarusha. Alirusha vizuri, kwa mkono uliozoea, na chambo kikatua kando ya kisiki alichoelekezwa na dada yake. Kilizama kiasi cha kiganja kimoja tu, kikapotea machoni pake.

"Umeona? Tope tupu."

Upande wa pili wa majani kulikuwa na boti nyingine, na ndani yake mwanamke mmoja mnene mwenye kofia ya majani, mstaafu wa posta. Maji yalipiga kishindo. Daktari akageuza kichwa.

"Kapata?"

"Kapata. Wa tatu huyo."

"Anatumia nini?"

"Kichambo kidogo kama kidole, cheupe, karibu hakionekani. Na mshipi mwembamba kama unywele."

Daktari alicheka mpaka boti ikayumba. "Kichambo kisichoonekana, kwenye uchafu huu! Si bora arushe kifungo cha blauzi yake? Hao watatu ni vipofu, au wamechoka kuishi."

Saa mbili zikapita. Mwanamke wa posta alipata wa nne na wa tano. Daktari hakuguswa hata na jani. Alibadilisha chambo mara sita, na mara sita dada yake akamfungia. Kila mara alimlaumu mtu mwingine: mwenye boti, mvua za juzi, serikali, na mwishowe yeye dada, kwamba anapiga makasia kama anayekoroga rangi.

Dada alimtazama kwa muda mrefu. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku yake ya kwanza mbele ya tumbo lililofunguliwa, alipotaka kuzirai. Alimwambia, "Simama, mdogo wangu. Mimi nipo." Na Daktari hakuwahi kumsimulia mtu yeyote habari ile, hata kwa utani.

"Kaka," alisema, "hebu inama kidogo utazame hapa chini ya boti. Unaona nini?"

Daktari aliinama mpaka pua ikakaribia kulowa. Alikaa hivyo kitambo.

"Nione nini kwenye uji huu? Acha utoto. Turudi. Kesho saa mbili asubuhi tunamfungua yule mwalimu. Uvimbe umekaa juu ya mshipa mkubwa wa shingo, hapana nafasi hata ya kupitisha ukucha. Hao madaktari wenu vijana wangetetemeka. Mimi nitakuwa nimemaliza kabla ya chai."

Dada aliyaweka makasia ndani ya boti. Akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akabonyeza.

"Shikamoo, mkurugenzi. Ndiyo, niko naye hapa ziwani. Mwalimu asiandaliwe kesho. Mtafutieni daktari mwingine."

"Unaongea na nani?" Daktari alifoka. "Umepagawa? Unanifutia upasuaji wangu kwa sababu sijapata samaki?"

Dada alirudisha simu mfukoni. Machozi yalikuwa yamemjaa, ikabidi ainamishe uso nje ya boti ili kaka yake asimsikie akilia. Chini yake, kwenye kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani, besi saba walikuwa wakipita taratibu juu ya kokoto nyeupe, na kwa jinsi maji yalivyokuwa angavu, aliweza kuzihesabu kokoto hizo moja moja.