Kadi Iliyomezwa

Hivi wewe ungefanyaje, mwanao akuonyeshe kwa mkono wake kadi aliyokwambia imemezwa na mashine ya benki?

Nazlin alikuwa barazani kwake Usagara, mwanawe akimfundisha kutumia simu kwa kumwonyesha ya kwake. "Hapa picha, mama. Hapa kadi za kulipia..." Akataka kuifunika skrini kwa kiganja, akachelewa.

Kwenye skrini kadi zilikuwa tatu. Ya chini, ya kijani, ilikuwa na jina la Nazlin.

"Hiyo achana nayo, mama. Nilikutunzia tu."

Kidole cha Nazlin chenye hina iliyofifia kikashuka taratibu mpaka palipoandikwa "Ondoa", kikabonyeza.

"Mama!"

"Ulinitunzia? Miaka miwili nakuomba hela ya hina kama mtoto mdogo. Kesho nakwenda benki. Kadi yangu nataka niishike mwenyewe."