Uzi wa Chini

Uzi wa chini ulijivuruga tena, ukajikusanya chini ya kanzu kama kiota. Marhoun akaichomoa bobini ya cherehani kwa hasira.

Kijiji kizima cha Tumbe kilimjua fundi huyu kwa majisifu yake: vidole vyake, alisema, vingeshona hata macho yakifumbwa. Sasa aliuvuta uzi wa bobini asisikie ukimzuia hata kidogo. Akakaza skrubu, akavuta tena. Ulikuwa vilevile. Akakaza mpaka bisibisi ikateleza.

"Vyuma vya siku hizi, upuuzi mtupu."

"Kosa la chuma kila siku," mama yake alijibu kutoka mkekani, alikokuwa akichambua karafuu. "Wewe huna kosa katu, Sultani wangu."

Marhoun akauvuta uzi kwa nguvu, tena na tena, hadi ukatoka mwekundu.

"Mama, nani kanibadilishia uzi? Mie nilitia mweupe."

Mama akaja, akaukunjua mkono wa mwanawe. Uzi ulikuwa umekikata kidole hadi nyamani, na damu ilidondokea kanzu ya watu.

"Hakikuumi hichi?"

"Kipi?"

 Mama akampandisha mkono wa shati, mpaka kwenye lile baka jeupe ambalo Marhoun alizoea kuliita choa. Marehemu baba yake naye aliliita choa, kabla vidole vyake havijaanza kupinda kwa ukoma.

Mama akachukua sindano mezani.

"Tazama dirishani, mwanangu. Nikichoma, useme."

Marhoun akatazama dirishani, akangoja.

"Haya, choma basi, mama."

Sindano ilikuwa imeshaingia.